Shamba Safi la Gumato

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Gumato alifagia. Alifagia nyumba, akafagia uwanja, kisha akaenda kufagia shamba. Ndiyo, shamba! Majirani walimcheka, lakini yeye hakuwajali. Katika skimu nzima ya umwagiliaji ya Malka Dima hapakuwa na shamba safi kama lake.

Ilikuwa mwaka wa 1982. Malka Dima ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Isiolo mjini. Watu wake wengi walikuwa Waborana waliopoteza mifugo yao. Ukame wa miaka ya sabini ulimaliza ng'ombe wa Bule, mume wa Gumato. Mwaka uliofuata Bule mwenyewe alifariki. Gumato akabaki na watoto watatu, Roba akiwa wa kwanza, na mama mkwe wake, Akko Abiba, yaani Bibi Abiba. Alipewa nusu eka katika skimu, shamba namba kumi na nne, alime mahindi kwa maji ya mfereji.

Alilima kwa nguvu zake zote. Mwanzoni alivuna magunia manane. Baadaye yakawa saba, halafu sita. Msimu huu alipata mawili, na la pili halikujaa.

Msimamizi wa skimu aliitwa Jasper. Alivaa viatu vilivyong'aa na alitembea na fimbo nyembamba. Baada ya mavuno aliwaita wakulima wote mbele ya ghala.

"Sheria mnaijua," alisema. "Magunia sita. Mtu akishindwa misimu miwili mfululizo, shamba inakwenda kwa mtu mwingine. Gumato, wewe umeshindwa mmoja. Umebakisha mmoja tu."

"Bwana Jasper, ile mbolea mliahidi haijakuja," Gumato alisema.

"Itakuja ikija. Shida si mbolea. Nyinyi watu wa ng'ombe mmezoea kukaa chini na kunywa maziwa. Kulima ni kazi."

Wakulima waliinamisha vichwa. Gumato hakuinamisha chake.

"Mimi nimekaa chini lini? Si wewe mwenyewe umenisifu mara tatu hapa mbele ya watu, ukasema shamba yangu ndiyo safi kabisa?"

"Safi, ndiyo. Lakini mahindi hakuna. Wewe ni mvivu msafi."

Watu wakacheka. Na waliocheka ni wale wale waliovuna magunia manne na matano, wakijua kuwa zamu yao inakuja. Gumato alirudi nyumbani amejaa hasira.

"Shamba ikienda, sisi tunakwenda wapi?" aliuliza Akko Abiba.

"Mjini, kwa foleni ya chakula ya msaada."

"Mimi ile foleni sirudi," bibi kizee alisema. "Heri nife hapa."

Sasa, ng'ambo ya mfereji kulikuwa na shamba namba kumi na tano. Lilikuwa la Gatakaa, mwanamke Mmeru, mke wa fundi wa pampu. Alihamia pale mwaka uliotangulia tu. Maji yake yalikuwa ya mfereji ule ule. Mbegu yake ilitoka ghala lile lile. Lakini msimu huo Gatakaa alivuna magunia manane! Gumato alifikiri, akaona amepata jibu. Mume wa Gatakaa hula meza moja na Bwana Jasper. Bila shaka mbolea ya skimu ilifika, ikaishia kwake.

Alivuka mfereji bila hata kutoa salamu, na Mborana asipotoa salamu, ujue mambo yameharibika.

"Mama Kagwiria," alimwita Gatakaa kwa jina la mwanawe, "mbolea unaficha wapi?"

Gatakaa alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua kunde. "Habari kwanza, Mama Roba."

"Habari hakuna! Sisi tunaambiwa mbolea haijakuja. Yako imekuja na gari gani? Nionyeshe mifuko."

Gatakaa aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso. "Mifuko sina. Kuja uone kile naficha."

Akampeleka nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na rundo lililofunikwa kwa nyasi na magunia makuukuu. Gatakaa alifunua upande mmoja. Ndani palikuwa peusi, na vumbi halikuruka. Gumato alichota kiganja, akanusa. Ilinukia udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza.

"Hii nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Uongo! Mavi ya ng'ombe siijui mimi? Nimezaliwa ndani yake."

"Ni mavi imeoza vizuri, pamoja na majani na mabua. Hii ndiyo mbolea yangu."

"Na umetoa wapi? Malka Dima nzima hakuna mtu ana ng'ombe."

Gatakaa alirudisha nyasi juu ya rundo. "Ni ile lori ya Meru, ile inaleta unga dukani. Ikirudi inapitia kule mlimani kwa boma ya zamani, inajaza mavi inapeleka kwa mashamba ya huko juu. Mwaka jana ilikwama hapa. Bwana yangu aliisaidia, dereva akanimwagia kidogo."

Kule mlimani palikuwa na boma moja tu la zamani, nalo lilikuwa la Bule. Kwa Waborana, rundo la mavi mlangoni mwa boma ni heshima ya mtu. Mgeni akiliona anajua, bila kuuliza, ng'ombe wa hapa ni wengi. Rundo la Bule lilikuwa refu kupita paa la nyumba. Ng'ombe walikufa, Bule akafa, likabaki rundo. Gumato hakuwa amekanyaga pale tangu siku alipokufa ng'ombe wa mwisho. Moyo wake haukuweza.

"Hiyo ni mavi yangu!" alipiga kelele, na machozi yakamtoka. "Mahindi ya watu wengine inakula ng'ombe wa Bule, na mimi naitwa mvivu? Mimi?"

Gumato alipotulia kidogo, Gatakaa alimwambia, "Dada, una haki kukasirika. Ningekuwa wewe ningekasirika zaidi. Lakini iko kitu ingine itakukasirisha, na lazima nikuambie."

"Ingine tena?"

"Ile shamba yako, wewe mwenyewe ndiye unaiua."

Gatakaa alichukua jembe. Alichimba pigo moja kwenye shamba lake. Udongo ulipasuka kwa urahisi, ukawa vipande vidogo vidogo. Ndani mlikuwa na vimizizi, na nyungunyungu mmoja akajificha upesi. Kisha wakavuka mfereji, akachimba kwa Gumato. Jembe liliruka. Alipiga tena na tena, likatoka bonge gumu la rangi ya majivu. Ndani hamkuwa na kitu. Hata mdudu mmoja hakuwamo.

"Ukimaliza kuvuna unafanya nini?" Gatakaa aliuliza.

"Nachoma mabua yote. Nafagia majani, nachoma. Nafukiza shamba mpaka inakuwa safi kama gorfa."

Gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi. Wanawake wa Kiborana hukisafisha kwa moshi wa vijiti vyenye moto. Gumato alilelewa hivyo. Kwake yeye, moto ndio usafi.

"Hiyo gorfa naipenda," Gatakaa alisema. "Lakini niambie. Ukitaka maziwa igande, ile mnaita ititu, unafukiza vile vile?"

"Wacha! Kama nataka ititu, naacha ile ya zamani kidogo ndani. Hiyo ndiyo inagandisha ile mpya. Nikisafisha yote na moshi mwingi, maziwa inakaa tu, haigandi..."

Gumato alilitazama lile bonge gumu.

"Sasa nani anagandisha?" Gatakaa aliuliza.

"Sijui. Ni ile ya zamani."

"Ni vijidudu. Vidogo sana, macho yetu haiwezi kuviona. Viko hai ndani ya ile maziwa ya zamani. Ukiweka mpya, vinaanza kazi."

"Vijidudu ndani ya maziwa yangu?" Gumato alikasirika upya. "Mimi ni mtu msafi!"

"Pole, Mama Roba, sikutukani. Kuna vijidudu vya ugonjwa, na kuna vya kazi. Vya kazi viko pia kwa udongo. Kiganja kimoja cha udongo mzuri kina vingi kuliko watu wote wa Kenya. Mimi nimeviona, kwa chuo cha wakulima huko Meru. Mwalimu aliweka tone moja chini ya hadubini. Vilikuwa vinatembea!"

"Na vinafanya kazi gani?"

"Mahindi ina meno?"

"Haina."

"Basi haiwezi kutafuna bua wala mavi. Vile vijidudu ndivyo vinatafuna. Vinakula mabua, majani na mavi, vinavunjavunja mpaka inakuwa chakula, halafu mizizi inakunywa hiyo chakula pamoja na maji. Vinafanya udongo ushikane vizuri, uweke maji. Sasa wewe kila msimu unachoma chakula yao. Vile viko juu vinaungua. Vile viko chini vinakufa njaa. Umechoma miaka mingapi?"

"Sita," Gumato alijibu polepole. "Miaka sita naua shamba yangu, na wananisifu! Huyu Jasper hajui haya?"

"Yeye anasema mchome kwa sababu anaogopa yule mdudu anatoboa mabua. Na ni kweli, anajificha ndani. Lakini si lazima kuchoma. Katakata mabua, weka ndani ya rundo. Rundo inapata joto kali. Mdudu anakufa, na chakula ya udongo inabaki."

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Watu wa Malka Dima walikuwa wameketi karibu na mlima wa mbolea, wakisubiri mbolea ya mifuko ije kwa gari! Na mlima wenyewe ulikuwa ukihamishwa mchana kweupe.

Alhamisi iliyofuata lori lilikuja. Dereva alikuta njia ya mlimani imezibwa. Katikati ya njia alikuwa ameketi Akko Abiba juu ya kigoda, na Gumato amesimama kando yake, mikono kiunoni. Dereva alipiga honi. Bibi kizee hakugeuza hata shingo.

Ndani ya lori, karibu na dereva, alikuwamo Umuro, mwenyekiti wa wakulima. Umuro alikuwa ndugu wa marehemu Bule. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa mavi yabebwe, na kila safari aliletewa miraa. Alishuka, shavu limevimba kwa majani.

"Shemeji, toka kwa njia. Hawa watu wanatusaidia kusafisha."

"Hiyo neno safi usiniambie tena!" Gumato alisema. "Nani amekupa ruhusa kuuza mavi ya Bule?"

"Mavi?" Umuro aliwageukia vijana wa lori, nao wakaangua kicheko. "Mama mzima unapigania mavi?"

"Ndiyo, napigania mavi! Bule alichunga hiyo mavi miaka ishirini. Alilala nje na mvua, alipigwa na jua. Hiyo ndiyo imebaki kwa watoto wake. Na wewe umeibadilisha na majani ya kutafuna. Huoni haya?"

Umuro alifungua kinywa kujibu. Lakini Akko Abiba alimtangulia. Msisahau kwamba aliyemzaa Bule ndiye aliyemzaa Umuro.

"Umuro," alisema kwa upole. "Tema hayo majani nikuone mdomo."

Umuro alitema. Mwenyekiti mzima, mwenye ndevu, alitema mbele ya vijana wa lori.

"Sasa sema. Mtoto wa Bule akifukuzwa shambani, wewe utamlisha?"

Umuro alimwashiria dereva ageuze lori.

Gumato alipanda mlimani, akaliona rundo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Robo tu ndiyo iliyobaki. Alisimama hapo akalia kwa sauti. Kisha akafunga leso kiunoni, akaanza kujaza magunia. Kesho yake Umuro alileta punda wake wawili bila kuambiwa.

Walibeba siku tisa. Gatakaa aliwaonyesha jinsi ya kupanga. Chini waliweka mabua yaliyokatwakatwa, juu yake mavi, juu yake majani mabichi, na udongo kidogo kutoka shamba la Gatakaa.

"Udongo wa nini?" aliuliza Gumato.

"Wewe huachi maziwa ya zamani kidogo?"

Gumato akatabasamu, mara ya kwanza tangu mavuno.

Walinyunyizia maji kila tabaka. "Isikauke, na isilowe sana," Gatakaa alisema. "Kamata kiganja, finya. Ikishikana bila kutoa maji, iko sawa. Ikikauka, vijidudu vinalala. Ikilowa sana, vinakosa hewa na rundo inanuka." Kisha walifunika ili jua lisilikaushe. Gatakaa alichomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku tano waliichomoa, na Akko Abiba akaishika ncha.

"Inachoma!" alishangaa. "Nani amewasha moto?"

"Ni vijidudu vinafanya kazi, Akko."

Kila baada ya wiki mbili Gumato aligeuza rundo, mbolea ya ndani ikaja nje, ya nje ikaingia ndani. Mabua mengine hakuyatia kwenye rundo. Aliyachunguza moja moja, na yaliyokuwa mazima, bila matundu ya mdudu, aliyalaza shambani yafunike udongo. Ufagio alimpa kuku autagie.

Na hapo ndipo Bwana Jasper alipofika na fimbo yake.

"Hii nini? Hii ni takataka! Choma leo hii."

"Sichomi."

"Wewe unajua unazungumza na nani? Nitakuandika kwa kitabu, na hutangoja hata mavuno."

"Andika! Lakini kitabu yako inasema magunia sita. Haisemi ufagio."

Jasper alitoa kiberiti mfukoni. Gumato akasimama juu ya mabua yake. "Basi anza na mimi," alisema.

Umuro alikuwa akipita na punda. Alisimama. "Bwana Jasper," aliuliza, "hiyo sheria ya kuchoma iko ukurasa gani? Nimesomewa hicho kitabu chote siku nilichaguliwa mwenyekiti. Sikusikia."

Msimamizi alifungua kitabu, akakifunga. Ukurasa haukuwapo. Miaka sita waliamrishwa kuchoma, na haikuandikwa popote! Alirudisha kiberiti mfukoni. "Tutaonana ghalani," alisema, akaenda zake.

Mwisho wa Oktoba rundo lilikuwa jeusi, limepoa, halinuki mavi tena. Gumato alitia viganja viwili katika kila shimo, akachanganya na udongo, kisha akapanda mahindi. Katikati ya mistari alipanda kunde.

Alikuwa na hofu. Usiku alilala kidogo, mchana alitembea shambani akigusa majani. Wiki ya sita aling'oa mche mmoja wa kunde. Mizizi yake ilikuwa na vinundu vidogo. Alikimbia kwa Gatakaa. "Imeshikwa na ugonjwa!"

Gatakaa alikipasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu. "Hii ni nyumba ya vijidudu vingine," alisema. "Vinachukua chakula kutoka kwa hewa, vinalisha kunde. Kunde ikioza, mahindi pia inapata. Ikiwa nyekundu hivi ndani, viko kazini. Ukivuna kunde using'oe mizizi. Kata, iache chini."

Mahindi yalipanda hadi kifuani, yakampita kichwa. Maji ya mfereji, ambayo zamani yalikauka kwa siku mbili, sasa yalikaa udongoni siku nne. Si kila mche ulikuwa mzuri. Pembeni, mahali alipokuwa akiwasha mioto yake, palibaki peupe, mimea mifupi. Udongo uliouawa kwa miaka sita haufufuki wote kwa msimu mmoja.

Machi walipeleka mahindi ghalani. Siku hiyo alikuwapo mgeni, mkubwa wa kilimo kutoka mjini, na kalamu yake. Magunia ya namba kumi na nne yalipimwa. Moja. Mawili. Matatu. Akko Abiba alihesabu kwa vidole. Manne. Matano. La sita lilipopanda kwenye mizani, Gumato alifumba macho. Alipoyafumbua, Umuro alikuwa akiburuta la saba.

Watu walipiga vigelegele. Mgeni alitazama magunia, akatazama kitabu. "Kutoka mawili hadi saba?"

"Ndiyo, mkubwa," Bwana Jasper alisema haraka. "Huyu ni mmoja wa wale tumewafundisha. Tumekazana nao sana."

Damu ilimpanda Gumato kichwani. Wako wanaosema hasira ni hasara. Labda. Ila hasira ya mama huyu ilikuwa imejaza magunia saba, na bado ilikuwa na nguvu.

"Mama, hongera," mgeni alimwambia. "Skimu ilikupa mbolea gani?"

"Sikupewa mbolea," Gumato alijibu. "Nilikuwa na yangu, ikawa inaibiwa. Nilikuwa na udongo wangu, nikaambiwa nichome. Yule alinifundisha ni huyu mama, Gatakaa, na hapati mshahara. Andika hivyo. Na uandike tena kwamba mimi si mvivu."

Mgeni alianza kucheka, akauona uso wa Gumato, akaacha. Aliinama akaandika. Gumato hakujua kusoma, kwa hiyo alimwita Gatakaa aje amsomee kilichoandikwa, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Mgeni aliposahau neno la mwisho, lile la 'si mvivu', Gumato alimngoja mpaka akaliandika.

Baada ya mavuno hayo hapakuonekana moshi mashambani Malka Dima. Shamba namba kumi na nne halikwenda kwa mtu mwingine, na nyuma ya kila jiko palikuwa na rundo lililofunikwa, na fimbo imechomekwa katikati.